Jalada Lisomwe Hadi Karatasi ya Mwisho

Juma lililopita kijana mmoja wa chumba chetu cha habari hapa Kampala aliniletea simu yake, si karatasi, akanionyesha picha ya ukurasa mmoja wa jalada la kampuni na kusema kwa furaha, "Mzee, tumempata." Nilimwuliza ukurasa huo ni wa mwaka gani. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa sehemu yenye tarehe haikuingia kwenye picha. Hii ni mara ya tatu mwaka huu, na ningalifoka kama kosa hilo lisingekuwa langu kabla ya kuwa la vijana wangu. Basi nawaandikieni ninyi nyote wa chumba hiki mambo matano ya kushika msomapo nyaraka.

1. Tafuteni tarehe kabla ya jina. Nilipokuwa na miaka miwili tu kazini, nilifuatilia zabuni ya visima katika wilaya moja ya mashariki. Fununu ilisema kwamba kampuni iliyoshinda ilikuwa ya shemeji wa afisa mmoja. Nilikwenda kwa msajili wa kampuni, nikalipa ada ya upekuzi na kukabidhiwa jalada nene lililofungwa kwa kamba. Katika fomu ya wakurugenzi wa kwanza nilikuta jina la yule shemeji pamoja na saini yake ya wino wa buluu. Mikono ilinitetemeka. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni na karani alikwisha kuanza kufunga madirisha, basi nikalinakili jina, nikamshukuru na kukimbilia boda boda.

Nyuma ya fomu ile kulikuwa na karatasi tatu ambazo sikuzifunua: hati ya kuhamisha hisa, taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi na ritani ya mwaka, yaani taarifa ambayo kampuni humpelekea msajili kila mwaka. Mtu yule alikuwa ameuza hisa zake zote na kujiuzulu ukurugenzi miaka minne kabla ya zabuni kutangazwa. Habari ilitoka ukurasa wa tatu, ikiwa na jina langu juu yake, na nilinunua nakala mbili.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwenyewe, akiwa amebeba kaveera nyeusi, ule mfuko wa plastiki. Nilitarajia matusi, lakini hakupaza sauti. Alizitoa karatasi zile tatu, akazipanga mezani kwangu moja baada ya nyingine, akaniomba nimsomee tarehe. Nikasoma. Akaniomba nisome tena, kwa sauti, ili na wenzangu wasikie. Kisha akasema kwamba binti yake shuleni sasa anaitwa mtoto wa mwizi wa maji, akazirudisha karatasi kwenye kaveera na kuondoka bila hata kudai fidia, jambo ambalo lilimshangaza mhariri wetu na kuniumiza mimi zaidi ya barua yoyote ya wakili. Tuliomba radhi kwa mistari kumi na mmoja chini ya matangazo ya zabuni. Visima vile vilikuwa vibovu kweli, na mtu aliyenufaika yumkini alikuwa humo humo katika karatasi nilizoziruka, lakini baada ya radhi ile hakuna mtu wilayani aliyekubali kuzungumza nasi, na habari ya kweli ikafa mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo kila waraka ninaouandika daftarini una safu tatu: unasema nini, uliwasilishwa lini, nani aliuwasilisha. Waraka wa msajili unathibitisha kile ambacho mtu alikiwasilisha siku fulani, basi.

2. Tangazo la mzabuni bora lililobandikwa ubaoni si mkataba. Washindani bado wana nafasi ya kulalamika, kwa hiyo msiandike kwamba fulani "amepewa" kazi.

3. Hati safi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inahusu uandishi wa vitabu vya hesabu, haimtakasi mtu. Na katika bajeti, fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika ni mambo matatu tofauti, nimechoka kulisema.

4. Ardhi ya mailo hapa Buganda, yaani ile ya umiliki wa kudumu wenye hati, hutafutwa kwa namba za bloku na ploti, si kwa jina la kijiji. Kuna mwenzenu aliyerudi kutoka ofisi ya ardhi akiwa ameandika kwamba bibi mmoja anayefukuzwa "hana haki kwa kuwa hayumo kwenye hati miliki". Nilimrudisha kwenye teksi siku hiyo hiyo. Mwenye kibanja, yaani mkaaji wa kipande cha ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, hayumo kwenye hati kwa kawaida, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkaaji ambaye alikuwa ameishi hapo miaka kumi na miwili au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kumpinga. Alipofika, bibi yule alimwonyesha kaburi la mumewe na risiti za busuulu, kodi anayolipwa mwenye ardhi, ndani ya kopo la majani ya chai. Hizo nazo ni kumbukumbu, japo hazina masijala.

5. Kuhusu Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005: ombi liwe la maandishi, litaje waraka mnaoutaka, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 za kujibiwa haziwezi kuhesabiwa kutoka kwenye simu mliyopiga. Msijieleze kurasa mbili mkitetea nia yenu. Sheria haiwadai sababu. Wakinyamaza hadi siku hizo ziishe, kunyamaza huko kunahesabika kuwa ni kukataa, na mnaweza kulalamika kwa hakimu mkuu. Hata hivyo, kabla ya kutaja sheria, msalimieni karani wa masijala na kumwuliza habari za nyumbani. Yule aliyefunga madirisha siku ile ya visima alinikumbuka miaka mingi baadaye. Aliniletea jalada nililoliomba, akaketi mbele yangu na kusema, "Leo sitafunga mpaka ulimalize."