Land Rover ya Zamani Kama Gari la Kila Siku: Anza kwa Kuondoa Viraka

Gari lenye umri wa miaka 40 na zaidi linaweza kukupeleka kazini kila asubuhi na shambani kila mwisho wa juma, mradi mwenye gari akubali jambo moja ambalo wengi hulikwepa: kinacholikwamisha njiani mara nyingi si uzee wake, bali ni marekebisho ya dharura yaliyofanywa na wamiliki na mafundi waliotangulia, yakaachwa hivyo hivyo mpaka yakahesabiwa kuwa sehemu ya gari. Nayasema haya kutokana na miaka mingi ya kutumia Land Rover 109 ya Series III hapa Tanga, katika hewa ya chumvi ya pwani na katika mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, bila kuwa na gari jingine la akiba. Nitazungumzia gari hilo kwa sababu ndilo ninalolijua, ingawa mwenye Peugeot 504 au Datsun ya zamani naye atakuta mengi yanamhusu.

Series III ilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na nyingine ziliunganishwa Thika, Kenya, katika kiwanda cha Leyland. Namba 109 ni umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini ya petroli iliyozoeleka ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2286, na haina kompyuta wala kifaa chochote ambacho fundi mwenye spana na subira hawezi kukifungua. Magari haya yalihudumia idara za serikali, misheni, hospitali za wilaya na mashamba ya mkonge, na yalipita mikononi mwa watu wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na wakati ambapo nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, spea zilikuwa adimu mno, na fundi aliyeweza kulinasua gari porini kwa waya na mpira wa tyubu alistahili heshima kubwa. Namheshimu hadi leo. Lakini sababu iliyomlazimisha kufanya vile imekwisha: spea za gari hili zingali zinatengenezwa, na zinapatikana Dar es Salaam, Nairobi na hasa Arusha, ambako biashara ya utalii imewafanya mafundi wa Land Rover kuwa wengi na hodari. Kiraka kilichokuwa busara mwaka 1983 leo ni hatari tu.

Ukinunua gari la namna hii, usianze na rangi wala viti. Anza na breki, na anza kwa kulala chini ya gari ukifuata kila paipu ya breki kwa kidole, kutoka kwenye silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, hadi kwenye kila gurudumu. Utakachokitafuta ni paipu iliyokunjwa na kugongwa kwa nyundo ili mafuta ya breki yasifike kwenye gurudumu moja. Hii ni tiba ya kale ya silinda ya gurudumu inayovuja, na gari lililotibiwa hivyo hutembea miaka mingi likiwa na breki za magurudumu matatu, huku dereva akiamini kwamba Land Rover zote huvuta upande mmoja zinapofungwa breki. Hazivuti. Gari hili lina breki za ngoma magurudumu yote, ngoma za inchi 11 kwenye 109, na zikiwa nzima husimamisha gari sawasawa, bila kuyumba. Tatizo ni kwamba hazijirekebishi zenyewe. Nyuma ya bamba la kila gurudumu la mbele kuna vichwa viwili vya bolti za kurekebishia. Unalinyanyua gurudumu kwa jeki, unakizungusha kila kimoja mpaka kiatu cha breki kiguse ngoma, kisha unakirudisha kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Kazi hiyo haihitaji fundi, na asiyeifanya atajikuta anapampu pedali mara mbili tatu kabla gari halijashika, kisha atauziwa silinda kuu ambayo haikuwa na kosa.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu, na unyevu huo huzifanya silinda zishike kutu kwa ndani. Ukikuta mipira ya ndani ya silinda hizo imevimba na kulainika, ujue kuna mtu aliwahi kuongeza mafuta ya injini kwenye chombo cha breki. Hapo mipira yote ya mfumo mzima ibadilishwe pamoja, kwani uliyoibakiza itakuangusha baadaye. Hata breki zikiwa kamilifu, ngoma zinazochemka hupoteza nguvu, kwa hiyo ukishuka kutoka Lushoto weka gia ya pili tangu juu kabisa, uiachie injini ilizuie gari, na mguu ugusie breki kwenye kona tu.

Kiraka cha pili kinachopatikana karibu kila gari ni thamostati iliyoondolewa. Fundi atakwambia kwa nia njema, «Mzee, hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi.» Kina kazi. Thamostati hufunguka injini inapokaribia digrii 80, na kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto linalostahili. Bila hiyo, injini ya safari fupi za mjini haipati joto la kutosha, hula petroli zaidi, oili yake hujaa unyevu na uchafu, na kuta za silinda huchakaa mapema. Kibaya zaidi, thamostati huondolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemka, na chanzo cha kuchemka huachwa palepale: rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha. Mpelekee rejeta fundi wa kulehemu, aifungue, aichokoe mirija yote na kuifunga upya. Ubadilishe hosi zote kwa wakati mmoja. Kisha rudisha thamostati mpya. Weka dawa maalumu ya rejeta iliyochanganywa na maji safi badala ya maji ya bomba peke yake, kwani kutu inayoziba mirija huzaliwa na maji hayo. Gari lililotengenezwa hivi hupanda kutoka Mombo mchana wa Januari likiwa na mzigo, na mshale wa joto hautikisiki.

Umeme ndio unaowakatisha tamaa wengi, nami naamini wanakata tamaa bure. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, iliyochaguliwa Land Rover ya kwanza ilipobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na imekaa juu ya chasisi ya chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu na chumvi, alumini hulika na kuacha unga mweupe. Taa na vifaa vingi hurudishia umeme wake kwenye bodi hiyo hiyo, kwa hiyo unga ule unapoota kwenye maungio, taa hufifia, indiketa huwaka zinapotaka, na stata huzunguka kwa uchovu mpaka mwenye gari anunue betri mpya, kisha nyingine. Kabla ya kununua chochote, vuta waya mpya mnene kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye chasisi, na mwingine kutoka chasisi hadi kwenye giaboksi. Kwangua kila mahali pa kufungia mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu. Nimeyaona magari yaliyohesabiwa kuwa na ugonjwa wa umeme usiotibika yakipona kwa waya hizo mbili. Baada ya hapo zing'oe waya zote zilizounganishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi. Usiache hata moja, maana gari huweza kuungua kwa waya ya redio.

Kuhusu petroli, kuna jambo ambalo silifanyii mjadala: dumu la plastiki lililowekwa ndani ya gari badala ya tangi la mafuta liondolewe siku hiyo hiyo. Tangi huoshwa, hulehemiwa au hubadilishwa. Kabureta ya kiwandani ya miaka hiyo, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni Zenith 36 IV, nayo ina kasoro inayojulikana: uso unaokutanisha vipande vyake viwili hupinda kwa joto, na kijiringi cha mpira kilicho ndani hukauka, hivyo petroli hupenya isipotakiwa, injini ikatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Dawa ni kuusawazisha uso ule kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, kuweka kijiringi kipya, na kurudishia bila kukaza kupita kiasi. Fundi anayechukua keekee kupanua matundu ya jeti, yanayopimia petroli, anaongeza kiraka juu ya kiraka. Jambo jingine ni madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara ilipofika mwanzoni mwa 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya valvu, yaani mahali valvu inapokalia inapofunga, katika injini nyingi za zamani. Pima nafasi za valvu, yaani uwazi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, mara kwa mara. Katika injini hii ni milimita 0.25 kwa zote. Ukikuta nafasi za valvu za ekzosi zinapungua kila unapopima, kiti kinazama, na itabidi hedi, yaani kichwa cha injini, iende kwa mkerezaji kuwekewa viti vigumu.

Kwa sisi wa pwani, chasisi ndiyo inayoamua kama gari litaishi. Bodi ya alumini huwadanganya wanunuzi kwa sababu hubaki ikipendeza wakati chuma cha chini kinaliwa kutoka ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi yote: chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilichooza hutoa mlio mzito. Gonga hasa mikono ya pembeni inayoshikilia bodi na mhimili wa nyuma kabisa. Usikubali bati lichomelewe juu ya kutu, hata likipakwa rangi vizuri kiasi gani. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo kipande kipya kichomelewe. Kisha nyunyizia ndani ya chasisi, kupitia matundu yake, mafuta mazito yasiyokauka, urudie kila mwaka kabla ya masika. Ukitoka ufukweni, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Yapo mengine madogo. Mpira mkubwa wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele, yaani tufe linaloliwezesha gurudumu kukata kona, ulitengenezwa kukaa kwenye oili ya namba 90, na watu huujaza grisi ngumu ya kawaida kwa sababu sili zinavuja. Sili huvuja kwa kuwa uso wa mpira huo umechubuka, na dawa ni kuubadilisha. Ipo grisi laini iliyotengenezwa kwa ajili ya Land Rover za baadaye, nayo inafaa. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, kwa hiyo nunua spana za inchi zako mwenyewe: spana ya milimita 13 hulegea juu ya nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na ndivyo vichwa vya nati vinavyoviringika mpaka mtu achukue patasi.

Viraka hivi usiviondoe vyote kwa mkupuo mmoja. Ondoa kimoja, litumie gari kwa wiki chache, andika kwenye daftari kilichobadilika, ndipo uende kwenye kingine. Ukigusa mambo matano siku moja, gari likianza kukohoa hutajua lipi kati ya hayo limesababisha. Daftari hilo ulionyeshe pia kwa fundi. Mtafute fundi mmoja, umlipe vizuri kwa kazi ya polepole, na umwambie waziwazi kwamba huna haraka na hutaki njia ya mkato. Mafundi wengi wanajua kazi iliyo sahihi. Wanachokosa ni mteja aliye tayari kuingoja na kuilipia.

Asiye na nafasi hiyo, au anayesafiri mbali kila siku kwa haraka, namshauri kwa moyo mweupe anunue gari jingine. Land Rover hii hula lita moja kwa kilomita 5 au 6, hustarehe kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na hudai sehemu ya Jumamosi zako. Mwenye safari za wastani, barabara mbovu na hamu ya kujua mashine inavyofanya kazi atalipwa kwa gari ambalo kila sehemu yake inatengenezeka.

Kwenye sanduku langu la safari ya Lushoto sikosi mkanda wa feni, hosi ya juu ya rejeta, pointi na kondensa za distribyuta, plagi moja, mafuta ya breki, lita chache za maji, na waya laini wa kufungia. Waya huo nautumia pale inapolazimu. Kilichofungwa nao huingia ukurasa wa kwanza wa daftari jioni hiyo hiyo, na spea yake huagizwa asubuhi inayofuata.