Pawa ya gitaa la solo: kabla ya kuuliza wati, geuza kabati uangalie nyuma

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Mwanza, wikiendi tuna ukumbi Kirumba, katikati ya wiki ni harusi za Igoma na Buzuruga, na mara mojamoja tunavuka kwenda Nansio. Kombo yangu ya zamani (amp na spika kwenye boksi moja) imeungua transfoma. Sasa nina prosesa ya mguuni (kile kifaa cha efekti) na kabati la spika mbili za inchi 12, kila spika imeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) wati 60, nataka pawa (amplifaya) ya kusukuma hilo kabati. Jamaa wa dukani ananiambia nichukue ya wati 1000 nisije kumezwa na drams, mwenzangu anasema pawa ndogo ndo inaunguza spika, na kuna mwingine anasema bila valvu, yaani amp za taa za kioo, gitaa halina utamu. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nafurahi umeuliza kabla hujatoa hela, maana wengi wananifuata pawa ikiwa imeshanunuliwa na haiendani na kabati, na hapo hamna cha kufanya zaidi ya kuiuza kwa hasara.

Weka wati pembeni kwanza. Fungua mgongo wa kabati uone zile spika mbili zimeungwaje. Kama chanya imeenda kwa chanya na hasi kwa hasi, zote mbili zikaingia kwenye jeki moja, basi kabati lako ni omu 4. Kama waya umetoka spika ya kwanza ukaingia ya pili kama mnyororo, ni omu 16. Huwezi kufungua? Chomeka waya wa spika kwenye jeki, ule mwisho mwingine pima na mita, utasoma pungufu kidogo ya namba halisi: ukiona 3 na pointi ni la omu 4, ukiona 12 au 13 ni la omu 16. Andika hiyo namba kwa maka nyuma ya kabati kabisa, maana kila uamuzi unaofuata unatoka hapo.

Kwa nini nakazania hivyo, ni kwa sababu pawa za transista (zisizo na valvu) haziwi na wati moja tu, zinabadilika kulingana na mzigo. Pawa inayotoa wati 200 kwenye omu 4 itakupa kama 100 na kidogo kwenye omu 8, na kama 50 hivi kwenye omu 16. Umelipia 200 unatumia 50, halafu unalalamika pawa mbovu! Na kinyume chake ndo kibaya zaidi, ukiipa omu ndogo kuliko ile iliyoandikwa kama kiwango cha chini, inachemka, inajizima, na ikiwa haina kinga nzuri inakufa. Mfano kuna kile kidude cha Electro-Harmonix, 44 Magnum, kidogo unakitia mfukoni na kinasikika vizuri tu, ila omu ya chini kabisa inayoruhusiwa ni 8, kwa hiyo kabati lako likiwa la omu 4 achana nacho hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Sasa hizo wati 1000. Sikio letu halihesabu wati kama duka linavyohesabu. Ukitoka wati 50 kwenda 100 umeongeza desibeli 3 tu, unasikia imepanda lakini sio sana. Ili mtu aliyekaa mezani aone gitaa limekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kabati lako lote linabeba wati 120, ukilipelekea wati 1000 ni kulikaanga. Kuna sehemu ambayo watu hawaangalii kabisa na ndo yenye faida, nayo ni spika yenyewe ina sauti kiasi gani kwa wati moja. Spika ya Celestion Vintage 30 imeandikwa desibeli 100, G12T-75 ya kampuni hiyohiyo imeandikwa 97. Hizo 3 za tofauti ni sawasawa na kuongeza wati mara mbili, bila kugusa pawa. Kwa hiyo kama spika zako ni dhaifu, hela ya pawa kubwa ni heri uiweke kwenye spika nzuri ukapata sauti ileile na utamu juu yake.

Lakini hapo usinielewe vibaya ukaenda kununua pawa ya wati 40. We unapiga dansi, na solo la dansi ni sauti safi, linalia kama kengele, hamna distoshoni ya kujificha. Mpiga roki akishakanyaga pedo ya distoshoni sauti yake inabanwa inakuwa kama ukuta, juu na chini viko karibukaribu, ndo maana amp ya valvu ya wati 50 inamtosha jukwaani. We ukichapa kamba, ule mdundo wa kwanza unaruka juu ya wastani kwa desibeli 10 au zaidi, yaani wastani wako ukiwa wati 15 ule mdundo unataka 150 kwa kitambo kidogo sana. Pawa isipokuwa nazo inakata kichwa cha mdundo, unasikia mkwaruzo, solo linapoteza ule ung'aavu wake na unaanza kuchapa kamba kwa hasira mpaka mkono unauma. Nafasi ya juu kwako ni kitu cha lazima.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha chukua Roland JC-120, ile ambayo ipo tangu 1975. Ni transista tupu, wati 120, spika mbili za inchi 12 kama kabati lako, na mpaka leo wanaopenda gitaa safi wanaitafuta dunia nzima. Kwa hiyo huyo aliyesema bila valvu hamna utamu, kwa muziki wenu sikubaliani naye. Valvu ina raha yake kweli, na sababu inajulikana: haiishiki spika kwa nguvu kama transista, kwa hiyo ule mlio wa chini wa spika na ile sehemu ya juu vinajitokeza zaidi, unasikia kama gitaa linapumua. Ila prosesa yako ikiwa na muundo wa pawa za valvu ndani unaweza kurudisha sehemu kubwa ya hiyo tabia, au ongeza kidogo besi na presensi (ile ncha ya juu ya sauti). Na valvu inataka omu zilingane kabisa na kabati, haitakiwi kuwashwa bila spika hata dakika moja, ni nzito, na kila safari ya meli ya Nansio kuna mtu anaidondosha gatini.

Hilo la pawa ndogo kuunguza spika nalo watu wanalirudia sana. Spika inakufa kwa joto au kwa kusukumwa kupita kiasi. Pawa ya wati 50 hata ikikwaruza vipi haiwezi kuvuka kama wati 100, na kabati lako linabeba 120, litapona. Wanaolia sana na jambo hili ni wenye spika za muziki mkubwa zenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), maana mkwaruzo unapeleka nguvu nyingi juu kule kwenye twita, na kabati la gitaa halina twita.

Kwa hiyo kwako, ikiwa kabati ni omu 4, tafuta pawa ya klasi D (aina nyepesi isiyochemka sana) yenye kama wati 150 mpaka 200 kwenye omu 4. Seymour Duncan PowerStage 170 ni mfano mzuri, hizo 170 zake ni za omu 4, ina vifundo vya besi, sauti ya kati na trebo juu yake, na unaiweka pembeni ya pedo zako. Imezidi kidogo zile 120 za spika na kwa sauti safi hilo ni jambo zuri, ila usipige distoshoni nzito usiku mzima voliyumu ikiwa mwisho. Ukikosa za gitaa, pawa ndogo ya muziki wa kawaida inafaa, mfano Crown XLS 1002 ni wati 350 kwa kila upande kwenye omu 4, tumia upande mmoja tu, washa limita (kizuizi cha sauti kuzidi), usifungue yote. Na usibrij, yaani usiunganishe pande mbili za pawa ziwe moja! Mi mwenyewe miaka ya nyuma nilibrij pawa kwenye kabati la omu 4 kwenye harusi, sikujua kwamba ukibrij kila upande unaona nusu, yaani omu 2, ikajizima katikati ya wimbo bibi harusi akiwa anaingia. Sijawahi kusahau ule ukimya.

Zile pawa zisizo na jina zilizoandikwa 1000 au 3000 kwa herufi kubwa mbele, geuza nyuma usome fyuzi. Fyuzi ya ampea 2 kwa volti 230 ni wati 460 zinazoingia, haiwezekani zikatoka 1000 mfululizo, umeme hauzai. Na vya mitumba kutoka Japani angalia volti, kule ni volti 100, ukichomeka kwenye ukuta wetu bila transfoma ya kushusha vinaungua palepale.

Upande wa waya, kutoka pawa kwenda kabati tumia waya wa spika, usitumie waya wa gitaa hata kama plagi zinafanana. Ule wa gitaa ndani ni mwembamba na una ngao, unachemka na ukipiga shoti unaiumiza pawa. Klasi D nyingi pia ile hasi ya spika sio ardhi, kwa hiyo usije ukachukua sauti pale kupeleka kwenye miksa, chukua kwenye prosesa. Kwenye prosesa zima muigo wa kabati (ile "cab sim" inayoiga sauti ya spika) kwa njia inayoenda kwenye pawa, acha uwake kwa njia inayoenda kwa fundi mitambo, na weka toleo (output) kwenye kiwango cha laini, likibaki kwenye kiwango cha gitaa pawa haitaamka utadhani mbovu. Watu wengi wanapita mbio hapo halafu wanaisema pawa vibaya.

Jambo moja naomba ulishike kuliko yote. Kumbi nyingi na jenereta za harusi hazina ardhi ya uhakika, na we unashika kamba za chuma huku mdomo uko kwenye maiki. Gitaa na miksa vikichukua umeme sehemu mbili tofauti, unaweza kuwa njia ya umeme kupita, na wapiga gitaa wamekufa hivyo. Chomekeni wote kwenye chanzo kimoja, usikate ule mguu wa ardhi wa plagi kisa mvumo, na kabla ya kuimba gusa maiki kwa testa huku mkono mwingine umeshika kamba. Taa ikiwaka, usipige mpaka irekebishwe. Nakuambia hivi kwa sababu nataka uzeeke ukipiga.

Na kwa kuwa mnapiga kandokando ya ziwa, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi jioni wanafuata taa na feni ya pawa inawavuta ndani, wanaganda kwenye vipozeo pawa inachemka bila sababu. Iweke mbali na taa, na kila mwezi ipulize na uisafishe kwa brashi laini.

Pima omu kesho kabla hujarudi dukani. Halafu nenda na kabati lako, prosesa yako na gitaa lako, usikubali kujaribishiwa kwenye spika zao. Ukisoma 16 badala ya 4 niandikie tena, maana inawezekana tukaunga upya hizo waya kwa gharama ya soda tu na ukabaki na hela yako.