Mauser ya mzee wa Pangani: tazama mtutu kabla ya bei

Kaka, umeuliza kama hiyo bunduki ya Mauser ya bolti (komeo la chuma unalolivuta kwa mkono kupakia risasi) ya mzee wa Pangani, ya kabla ya vita vya pili, inafaa kununuliwa uje nayo Tanga mjini. Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla wewe na mzee hamjafika polisi na leseni yake mkononi. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya karatasi. Ikiwa mwenye leseni ni marehemu na warithi ndio wanauza, achana nayo mpaka waweke mambo sawa.

Sasa bunduki yenyewe. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, chungulia kutokea nyuma. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kuizungusha risasi ionekane mikali hadi mdomoni. Ukiona vishimo vyeusi, chumvi ya fataki za zamani (kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) imeshakula chuma, na huku pwani hewa ya bahari humalizia kazi. Mbao zikipasuka fundi atazitengeneza, lakini mtutu ulioliwa ndiyo basi tena.

Kubwa kuliko yote ni kipimo, yaani upana wa ndani wa mtutu. Mauser za milimita 8 zipo za mtutu wa inchi 0.318 na za 0.323. Risasi ya 0.323 ukiilazimisha kwenye mtutu mdogo, shinikizo linapanda vibaya, nalo liko sentimita chache tu mbele ya jicho lako. Mwambie fundi wa bunduki aupime mtutu, usiamini maneno ya muuzaji. Nakusihi sana kwa hilo.