Programu za simu kwa mwanafunzi wa udaktari: jibu kwa aliyeuliza kutoka Kisumu

Ndugu uliyeuliza kutoka Kisumu, nimelisoma swali lako. Uko mwaka wa tatu, unakaribia kuingia wadini, simu yako ni Android yenye nafasi ndogo, na unataka kujua uweke programu zipi, kama kuna yoyote ya kulipia, na kama ni utovu wa adabu kutoa simu mbele ya mgonjwa. Mimi ni daktari wa wadi ya watoto hapa Nakuru, na wanafunzi hupita mikononi mwangu kila muhula. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakiwasaidia na yale niliyoyaona yakiwapotosha.

Anza na AnkiDroid, programu ya kadi za maswali na majibu. Ni ya bure, haichukui nafasi kubwa, na kadi zako zikishakuwa ndani hufanya kazi hata bando likiisha. Programu hukuuliza swali, unalijibu kwanza, ndipo unafunua jibu na kuiambia kama ulikumbuka kwa urahisi, kwa shida, au hukukumbuka kabisa. Kadi unayoijua hurudi baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi, na ile iliyokushinda hurudi muda si mrefu. Msingi wake ni wa zamani: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alieleza mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tunachojifunza na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyopunguza usahaulifu huo. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma makala tena na wenzao waliojipima bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo sababu nawasihi wanafunzi wangu wasiridhike na kupitisha macho juu ya noti usiku wa kuamkia mtihani, kwa maana ile hali ya kuhisi kwamba umeshika kila kitu hudumu kwa muda mfupi sana.

Tengeneza kadi zako mwenyewe, na kila kadi iwe na jambo moja tu. Usiandike "Eleza matibabu ya malaria kali kwa mtoto", kwa sababu utajibu nusu na kujipa alama zote. Andika hivi: mtoto wa chini ya kilo 20, artesuneti ya sindano, miligramu ngapi kwa kila kilo? Jibu ni 3. Kadi ya pili iulize kuhusu mtoto wa kilo 20 au zaidi, ambaye hupewa 2.4. Kadi ya tatu iulize saa za kudunga: anapolazwa, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dawa. Ukifanya hivyo kila jioni kwa mgonjwa mmoja uliyemwona siku hiyo, kadi itakuwa na uso wa mtu nyuma yake, na hutaisahau.

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini. Wanafunzi wengi hupakua makasha ya kadi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtihani wa leseni wa Marekani, USMLE. Ni kazi nzuri kwa fiziolojia na famakolojia, lakini yaliandikwa kwa wagonjwa wengine na hospitali nyingine. Katika hospitali moja niliyofanya kazi magharibi mwa Kenya, tukiwa kwenye mzunguko wa asubuhi, mwanafunzi mwerevu aliulizwa amfanyie nini mtoto mwenye homa kali na mikono baridi. Akajibu bila kusita: maji ya mshipa, mililita 20 kwa kila kilo, kwa haraka. Alikuwa amelikariri jibu hilo kikamilifu kutoka kwenye kadi. Sasa, mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Miongoni mwa waliomiminiwa maji hayo kwa haraka, zaidi ya asilimia 10 walikuwa wamefariki baada ya saa 48. Miongoni mwa wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Watoto wenye kuhara hawakuwa katika utafiti huo, na aliyeishiwa maji kwa kuhara ana mpango wake tofauti. Mwongozo wa Wizara yetu ya Afya unataka dalili za mshtuko zionekane kwa pamoja kabla ya kusema kwamba mtoto ana mshtuko, yaani damu yake haizunguki vya kutosha mwilini: mikono baridi, mpigo dhaifu, rangi ya ukucha inayochukua zaidi ya sekunde 3 kurudi baada ya kubonyezwa, na fahamu iliyopungua. Kwa hiyo weka mwongozo huo kwenye simu kabla ya programu yoyote ya kigeni, na kila kadi ya kuazima yenye dozi ndani yake uilinganishe nao.

Medscape nayo ni ya bure ukijisajili, na inafaa kwa kuangalia dawa zisizopatana. Kuna pia LIFE, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome wa hapa kwetu: unajikuta ndani ya hospitali ya kuchorwa, mbele yako mtoto aliyezaliwa asiyepumua, na unalazimika kuchagua hatua inayofuata huku saa ikienda. Haikufundishi mkono wako kushika barakoa ya hewa, lakini inakuzoesha mpangilio ili dakika ile ya kwanza isikupotee ukitafuta pa kuanzia. Ukipita kliniki ya macho, jaribu Peek Acuity, ya kupima uwezo wa kuona, iliyofanyiwa majaribio hapa Nakuru na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015. Mgonjwa huonyesha kwa kidole herufi E imeelekea wapi, nawe unatelezesha kidole upande huohuo kwenye kioo.

Kuhusu adabu: mama aliyekesha na mtoto akikuona umeinamia simu ataamini unachati, na ana haki ya kuamini hivyo. Mwambie kabla hujaitoa, "Mama, naangalia dozi ya dawa ya mtoto humu," kisha mwonyeshe kioo. Nimewaona akina mama wakisogea wenyewe kutazama. Usiitoe kabisa wakati anakueleza ugonjwa ulivyoanza. Na tafadhali, picha ya mgonjwa isiingie kamwe katika kundi la WhatsApp la darasa, hata ukiwa umefunika macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na kovu au kitambaa cha kitanda hutosha kumtambulisha mtu kwa jirani yake.

Usilipie ile programu ya anatomia ya picha za pande tatu uliyoitaja. Ungekuwa mwaka wa kwanza ningekuambia tufikirie, ingawa hata hapo mwili mmoja uliochorwa kikamilifu hauonyeshi jinsi mishipa inavyotofautiana kati ya maiti mbili katika chumba cha upasuaji wa mafunzo. Kwa ulipofika sasa, pesa hizo zinunue kadi ya kumbukumbu ili simu ipate nafasi, na zinazobaki uzitie kwenye stethoskopu.