Tabasamu liwe na mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama jarida la sanaa liweke alama ya uso unaotabasamu kando ya habari njema, ili msomaji aliyechoshwa na taarifa za maafa azione upesi. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: alama hiyo isiwekwe kwenye habari isiyotaja nani amefanya nini, na kwa njia gani.

Uso wa manjano tunaoujua ulichorwa mwaka 1963 na Harvey Ball, msanii wa Worcester nchini Marekani, kwa ajili ya kampuni ya bima iliyotaka kuwachangamsha wafanyakazi wake. Alilipwa dola 45, wala hakusajili haki yoyote juu ya mchoro huo. Mwaka 1972 mwandishi Franklin Loufrani alianza kutumia uso kama huo katika gazeti la France-Soir la Ufaransa kuonyesha habari za kufurahisha, na yeye akausajili kuwa alama ya biashara. Hayo ya biashara nayaacha. Ninachokipenda ni kwamba pale gazetini alama ilikuwa na kazi, kwani ilimpeleka msomaji kwenye habari iliyokwisha kuandikwa.

Mimi nafundisha uchoraji Mikindani, mkoani Mtwara, na nimelelewa na mjomba wangu, mchongaji wa vinyago vya mpingo. Huanza kwa tezo, akiondoa ganda na sehemu nyeupe ya mti hadi akute kiini cheusi, kisha hutoa pua na mashavu kwa patasi. Mdomo huuacha karibu na mwisho, kwa kuwa patasi ikizama kidogo tu kupita kiasi kwenye pembe ya mdomo, uso uliokuwa ukicheka hugeuka wa mtu anayeumwa, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Miaka kadhaa iliyopita jarida moja lilichapisha picha ya kinyago chake, na pembeni kiduara cha manjano kinachotabasamu pamoja na maneno machache kuhusu furaha ya wasanii wa kusini. Jina lake halikuwamo, wala kijiji chake, wala aina ya mti. Mzee alikigusa kile kiduara kwa kidole, akaniuliza, "Mjomba, huyu anamcheka nani?" Sikuwa na jibu.

Habari njema zipo, tena karibu nasi. Mwaka 2009 vijiji vya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, vilipata cheti cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kikiwa cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo, mti ule ule unaotengenezewa klarineti za Ulaya, ukawa mali ambayo kijiji kinaweza kuivuna kwa mpango na kuiuza kwa faida yake. Jarida la sanaa likifika huko, likaeleza jinsi miti inavyokaguliwa, nani anaamua ipi ikatwe na fedha zinafanya nini, mchongaji wa Mtwara atasoma hadi mstari wa mwisho, maana hilo ndilo gogo analolitegemea. Hapo wekeni tabasamu, na liwe kubwa.

Na si lazima liwe la manjano. Neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama za makampuni, ni jina pia la chale za urembo ambazo wazee wa Kimakonde walichanjwa usoni. Nilipowasomea wanafunzi wangu swali lenu na kuwaomba wachore alama ya habari njema, wengi walichora jua. Binti mmoja alichora uso wa mwanamke anayecheka, mashavu yote mawili yakiwa na nembo, mstari kwa mstari. Nilipomuuliza ni nani, alinitajia jina la bibi yake.