Fizi inayotoka damu kando ya jino la kupandikizwa

Dada yangu wa Kisauni, umeuliza kama maji ya chumvi yatatosha kutibu fizi ya mama inayotoka damu kando ya jino alilopandikizwa mwaka jana. Hayatoshi, kwa sababu utando wa bakteria ulioshika kwenye skrubu ya titaniamu, ile inayoshikilia jino hilo kwenye mfupa wa taya, hauondoki kwa kusukutua. Huondoka kwa kusuguliwa, na daktari wa meno ana vifaa vyake vya kuukwangua. Ikiwa ni fizi pekee iliyovimba, kwa kawaida hupona ikisafishwa vizuri. Lakini maambukizi yakishafika kwenye mfupa, mfupa ulioliwa haurudi wenyewe, na mara nyingi fizi hulazimika kufunuliwa kwa upasuaji ili pasafishwe. Tafadhali msimnunulie antibayotiki dukani mkadhani kazi imekwisha. Kila usiku apitishe kiburashi chembamba cha katikati ya meno, akikiingiza taratibu pale jino linapokutana na fizi, na kama ana kisukari au hutafuna tambuu yenye tumbaku, amweleze daktari bila kuona haya, maana yote mawili huchelewesha kupona. Usaha ukionekana au jino likitikisika, mpelekeni siku hiyohiyo, msingoje maumivu, kwani mfupa huweza kuliwa kimyakimya.