Yule daktari wa tano wa Trident

Ndugu, umeuliza kwa nini tangazo la Trident, chingamu ya Marekani isiyo na sukari, lilitaja madaktari wa meno wanne kati ya watano, na yule wa tano alikuwa na neno gani. Jibu limo kwenye maneno yenyewe.

Trident iliingia sokoni Marekani miaka ya 1960, ikitengenezwa na American Chicle, kampuni iliyonunuliwa na Warner-Lambert mwaka 1962. Chingamu ya sukari ilishaonekana adui wa meno, hivyo wakaamua kuuza kwa heshima ya daktari. Tangazo lilisema: kati ya madaktari watano walioulizwa, wanne wanapendekeza chingamu isiyo na sukari kwa wagonjwa wao wanaotafuna chingamu. Hebu rudia maneno mawili ya mwisho. Hakuna aliyeshauriwa aanze kutafuna! Na kinachopendekezwa ni chingamu isiyo na sukari, ya kampuni yoyote. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu. Yule wa tano hakuelezwa, ndiyo maana watu wanamjadili hadi leo.

Lakini haikuwa porojo. Ukitafuna, mate huongezeka na kupunguza makali ya asidi, na bakteria wa meno hawapati sukari ya kuchachusha. Wafini walienda mbali zaidi: mwaka 1975 walitoa chingamu ya Jenkki yenye zailitoli, kitamu ambacho bakteria wa meno hawawezi kukichachusha, baada ya utafiti uliofanyika mjini Turku, Ufini.

Wrigley, kampuni nyingine ya chingamu ya Marekani, walichelewa; Extra yao isiyo na sukari ilitoka 1984.